Namna ya Kufundisha Koo za Maneno ya Kiingereza kwa Wazungumzaji wa Kichina

Mzungumzaji wa Kichina aliyesoma Kiingereza kwa miaka kumi anaweza kusema "my business is very success" bila kuhisi kwamba amekosea popote, na mwalimu anayemsahihisha kwa kumpa tu neno "successful" atairudia kazi hiyo hiyo wiki ijayo kwa neno jingine. Kosa hilo halitokani na uvivu wala uhaba wa msamiati. Katika Kichina sanifu neno "chénggōng" ni kufanikiwa, ni mafanikio, ni sifa ya aliyefanikiwa, na pia ni namna ya kufanya jambo likafanikiwa; umbo lake halibadiliki hata kidogo, na kinachoonyesha kazi yake ni mahali lilipokaa katika sentensi. Kiingereza hudai maneno manne pale ambapo Kichina hutosheka na moja.

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayezungumza Kiswahili na kuwafundisha Wachina Kiingereza, awe anafanya kazi hiyo Guangzhou au Beijing, au awe nyumbani akiwafundisha mafundi wa miradi ya ujenzi na wafanyabiashara jioni baada ya kazi. Mwalimu wa namna hiyo ana faida iliyo rahisi kusahaulika: amekua ndani ya lugha yenye koo za maneno. Soma, someka, somesha, msomi, msomaji, somo na usomaji ni ndugu wa damu moja, na hakuna aliyehitaji kumkalisha chini ili kumweleza hivyo. Isitoshe, Kiswahili kimechukua maneno mengi ya Kiingereza kwa sauti zake, kama vile kompyuta, televisheni na betri, ilhali Kichina hupendelea kuunda neno jipya kwa maana: kompyuta ni "diànnǎo", yaani ubongo wa umeme, na filamu ni "diànyǐng", yaani kivuli cha umeme. Yapo machache yaliyoingia kwa sauti, kama "shāfā" kwa kochi la sofa na "kāfēi" kwa kahawa, lakini ni akiba ndogo mno ya kuanzia safari. Faida hii ya mwalimu ndiyo pia mtego wake, kwa kuwa kinachoonekana dhahiri machoni pake huenda mwanafunzi hajawahi kukiona.

Hatua ya 1: Pima anachokijua na anachoweza kukitumia

Usianze na orodha ya maneno. Mwaka 2001 wizara ya elimu ya China iliagiza Kiingereza kianze kufundishwa hatua kwa hatua kuanzia darasa la 3 la shule ya msingi, kwa hiyo Mchina kijana aliyekaa mbele yako amekwisha kuona maelfu ya maneno. Aliyepitia mtihani wa kuingia chuo kikuu, yaani gaokao, na baadaye mtihani wa taifa wa Kiingereza wa wanachuo uliofanyika mara ya kwanza mwaka 1987, amekariri vitabu vizima vya msamiati, mara nyingi kwa mpangilio wa alfabeti. Wachina wenyewe wana mzaha kuhusu vitabu hivyo: neno la kwanza huwa ni "abandon", maana yake kuacha au kutelekeza, na mwanafunzi hulisoma, hulitii, kisha hukifunga kitabu.

Andaa karatasi yenye maneno 15 ya kawaida, kwa mfano "decide", "strong", "danger", "compete", "safe", "believe", "rely", "explain" na "economy". Kwanza mwombe mwanafunzi aandike maana ya kila neno kwa Kichina. Kisha mpe sentensi 15 zenye nafasi wazi, ambamo kila neno linatakiwa kubadilishwa umbo ili liingie: "Her ___ surprised everyone", pembeni ikiandikwa "decide", "This road is ___", pembeni ikiandikwa "danger". Umbo hili la swali si geni kwake, kwa kuwa gaokao ina sehemu inayofanana nalo. Alama za karatasi ya kwanza kwa kawaida huwa juu sana na za pili huwa chini, na tofauti kati ya alama hizo mbili ndiyo kazi iliyo mbele yenu. Hifadhi karatasi zote mbili kwa sababu zitahitajika tena mwishoni.

Hatua ya 2: Anzia katika Kichina chenyewe

Walimu wengi hukimbilia viambishi vya Kiingereza papo hapo, nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu kabla ya kutambua kwamba mwanafunzi anaelewa haraka zaidi akitazama kwanza lugha yake. Mwombe aandike maneno yote anayoyakumbuka yenye "diàn", umeme. Ataandika simu, televisheni, kompyuta, filamu, lifti na mengine kadhaa, na pengine atacheka kwa kuwa hajawahi kuyapanga pamoja. Sasa mwombe afanye vivyo hivyo kwa vipande vinavyofanya kazi inayokaribia ile ya viambishi: "xué" mwishoni mwa majina ya fani za elimu, kama "huàxué", kemia, "huà" inayogeuza jambo kuwa hali fulani, kama "xiàndàihuà", kufanya kuwa ya kisasa, "xìng" inayotaja sifa au hali, kama "kěnéngxìng", uwezekano, na "kě" inayotangulia, kama "kěkào", -a kutegemewa. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi kwenye "-ize", "-ity" na "-able", na mwanafunzi hufika akijua anachokitafuta.

Hata hivyo, mwonye mapema kuhusu mambo mawili. La kwanza ni kwamba kipande kimoja cha Kichina kinaweza kuwa na wenzake wengi katika Kiingereza. Chukua "jiā", kinachomtaja mtu aliyebobea katika fani. Mwandishi ni "zuòjiā", mchoraji ni "huàjiā", mwanasayansi ni "kēxuéjiā" na mwanamuziki ni "yīnyuèjiā". Kiingereza hujibu kwa "writer", "painter", "scientist" na "musician". Hakuna kanuni moja itakayomwambia ni wapi pa kuweka "-er" na wapi "-ist", kwa hiyo asipoteze usiku akiitafuta. La pili ni kwamba vipande vya Kichina havivunjiki. "Diàn" ni "diàn" popote iendapo, kwa sauti na kwa maandishi, lakini "decide" hugeuka "decision", "strong" hugeuka "strength", na "deep" hugeuka "depth". Hapa mwalimu anaweza kutaja Kiswahili kwa sentensi moja tu: sisi pia tuna "iba" na "mwizi", na hatudhani kwamba hawa si ndugu.

Hatua ya 3: Fundisha viti, kisha uite maneno yakae

Hii ndiyo hatua inayostahili muda mrefu kuliko zote, na kama una wiki sita, usione haya kuitumia nusu yake hapa.

Chora viti vinne ubaoni. Kiti cha kitenzi humfuata mtenda au hufuata "to". Kiti cha nomino huja baada ya "the", "a" au "my" pasipo nomino nyingine baada yake. Kiti cha kivumishi kiko kati ya "a" na nomino, au baada ya "is". Kiti cha kielezi kiko karibu na kitenzi na hueleza namna tendo linavyofanyika. Chukua ukoo mmoja wenye manufaa kwa wanafunzi ulio nao. Kwa wafanyabiashara mimi huanza na "compete", kwa kuwa kila mmoja wao amewahi kulalamikia washindani: "we compete", "the competition is strong", "a competitive price", "we price it competitively". Mwanafunzi asijaze jedwali la maneno matupu. Kila kiti kikaliwe ndani ya sentensi inayohusu kazi yake mwenyewe, kwa sababu jedwali hukaririwa kama kile kitabu cha "abandon", na likikaririwa halisaidii wakati wa kuzungumza.

Kichina kina chombo kinachofaa sana hapa, na ambacho walimu wasiojua maandishi ya Kichina hukipita bila kukiona. Kuna vipashio vitatu vinavyotamkwa "de" kwa namna moja lakini huandikwa kwa herufi tatu tofauti, na kila mtoto wa Kichina huhangaishwa navyo shuleni. Cha kwanza hutangulia nomino. Watoto hukiita "bái sháo de", kwa kuwa herufi yake ina vipande vinavyosomeka kuwa nyeupe na upawa. Cha pili huandikwa kwa herufi ya ardhi, na hutangulia kitenzi. Cha tatu hufuata kitenzi ili kueleza tendo limefanyika vipi. Mwambie mwanafunzi aandike kwa Kichina kabla ya kuandika kwa Kiingereza, kisha aitazame "de" yake. Akiwa ametumia "de" ya upawa baada ya neno la sifa, Kiingereza kinataka kivumishi: "chénggōng de" na mtu mbele yake ni "a successful person". Akiwa ametumia "de" ya ardhi, Kiingereza kinataka kielezi, na hapo "-ly" inakaribia kuwa lazima. Akiwa ametumia ile ya tatu, bado anahitaji kielezi, na hapa ndipo mitego ilipo, kwa kuwa "pǎo de hěn kuài" humfanya aandike "he runs very quick". Ujanja huu haufanyi kazi kila mara, kwani "de" ya kwanza pia huonyesha umilikaji, lakini humpa mwanafunzi swali la kujiuliza kabla ya kuandika.

Baada ya hapo, shughulikia maneno ambayo makosa yake husikika kila siku. "Wēixiǎn" ni hatari na pia ni -a hatari, kwa hiyo utasikia "it is very danger". "Ānquán" ni usalama na pia ni salama, kwa hiyo utasikia "I feel safety". "Jiànkāng" ni afya na pia ni -enye afya. "Jīngjì" ni uchumi, ni -a kiuchumi na pia ni -a gharama nafuu, na katika Kiingereza huwa "economy", "economic" na "economical", mawili ya mwisho yakiwa vivumishi vyote lakini havibadilishani nafasi. Lile linalochekesha zaidi, na ambalo ni vyema ulieleze kwa upole, ni "wúliáo". Neno hilo humfaa anayechosha na pia aliyechoshwa, na matokeo yake mtu mwema kabisa hukuambia "I am very boring" huku akikusudia kusema kwamba amechoshwa. Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kuchanganya "nachosha" na "nimechoka", kwa hiyo ni rahisi kwake kuona hatari iliyopo. Chukua jozi tatu tu, "bored" na "boring", "interested" na "interesting", "tired" na "tiring", na uzizungumzie kwa wiki nzima.

Jambo jingine la hapa ni "hěn". Katika Kichina mtu husema "tā hěn jiànkāng", yaani yeye sana afya, bila kitenzi cha kuwa, na husema pia "wǒ hěn xǐhuan", mimi sana napenda. Ndiyo maana "he very healthy" na "I very like" ni makosa pacha. Yote mawili hurekebishwa kwa kuuliza swali moja: neno linalofuata limekaa kiti gani?

Hatua ya 4: Chagua koo kwa matumizi

Kiingereza kina koo nyingi mno, na mwanafunzi akiziona zote kwa pamoja atakata tamaa. Orodha ya Michael West iliyotolewa mwaka 1953 ina takribani maneno makuu 2,000 yanayotumika sana. Ni ya zamani, nayo haina habari za kompyuta, lakini sehemu kubwa yake bado ndiyo uti wa mgongo wa mazungumzo. Kwa wanaojiandaa kusoma chuo kikuu, orodha ya Averil Coxhead ya mwaka 2000 ina koo 570 za maneno ya kitaaluma. Paul Nation, katika utafiti wa mwaka 2006, alikadiria kwamba msomaji anahitaji koo 8,000 hadi 9,000 ili aelewe asilimia 98 ya maneno ya matini za kawaida bila msaada. Tarakimu hiyo ni ya mwalimu kuijua. Si lazima umtangazie mwanafunzi siku ya kwanza.

Kuhusu viambishi, fuata wazo la Laurie Bauer na Nation, ambao mwaka 1993 walivipanga katika ngazi kulingana na jinsi vinavyotumika mara nyingi na visivyolivuruga shina. Anza na "-er", "-ly", "-ness", "-less", "-able" na "un-", kisha ndipo zije "-ful", "-ment", "-ous", "-ity", "-ize" na "-ation". Vile vinavyovunja shina, kama katika "strength", vifundishwe kama neno zima.

Hatua ya 5: Yasikike masikioni

Kuna mwanafunzi anayejua kabisa kwamba anatakiwa kusema "interested", naye anadhani ameisema, lakini wewe umesikia "interest". Silabi ya Kichina sanifu huishia kwa irabu, kwa "n" au "ng", na mara chache kwa "r". Konsonanti nyingine mwishoni ni mzigo mzito, na katika Kiingereza mwishoni ndipo penye viambishi. Anayezungumza Kikantoni ana nafuu kidogo, kwa kuwa lugha yake ina silabi zinazoishia kwa "p", "t" na "k". Kwa wengine, usidai konsonanti ya mwisho ikiwa peke yake. Iunganishe na irabu ya neno linalofuata: "interested in" itamkwe kama kwamba "d" ni mwanzo wa "in". Sisi nasi tunajua tatizo hili kwa upande wake mwingine, kwani tuliongeza irabu tukapata "benki" na "buku".

Mkazo nao huhamahama ndani ya ukoo. "Photograph" hukazwa silabi ya kwanza, "photography" ya pili, na "photographic" ya tatu. Mpe kanuni fupi: "-ic", "-ity" na "-ion" huvuta mkazo hadi silabi inayovitangulia moja kwa moja, ilhali "-ness", "-ly", "-ful" na "-ment" huuacha ulipo. Kwa kuwa Kichina huipa karibu kila silabi toni yake, wanafunzi wengi huzitamka silabi zote za Kiingereza kwa nguvu sawa. Wakumbushe maneno yao yenye silabi ya pili isiyo na toni, kama "péngyou", rafiki, na "dōngxi", kitu. Wepesi ule wa "you" na "xi" ndio wanaopaswa kuupeleka kwenye silabi za Kiingereza zisizokazwa. Watu wa kaskazini mwa China huupata upesi kwa sababu wanautumia zaidi kuliko wa kusini. Wakutumie kila siku ujumbe mmoja wa sauti kwa WeChat, sentensi tatu zisizozidi, nawe ujibu kwa kuitamka upya ile iliyoharibika.

Hatua ya 6: Ukanushaji, na ndugu wasiofanana tabia

"Bù" ya Kichina hukanusha sifa nyingi bila shida. Kiingereza hugawanya kazi hiyo kati ya "un-", "in-", "dis-" na wengineo. Kanuni inayofundishika ni ya sauti: "in-" hugeuka "im-" mbele ya "p", "b" na "m", hugeuka "il-" mbele ya "l", na "ir-" mbele ya "r", ndiyo maana tuna "impossible", "illegal" na "irregular". Yaliyobaki hujifunzwa neno kwa neno.

Mwonye pia kwamba ukoo hausemi kweli wakati wote. "Hardly" si kielezi cha bidii, na anayeandika "I work hardly" amejisengenya mwenyewe kwa mwajiri wake. "Lately" haimaanishi kuchelewa. "Invaluable" si kitu kisicho na thamani, bali ni cha thamani kubwa mno. Haya machache yatoshe.

Hatua ya 7: Daftari, kadi na marudio

Kila ukoo upewe ukurasa mzima wa daftari. Juu liandikwe shina, chini yake sentensi zisizozidi nne, moja kwa kila kiti kilicho na mwenyewe, mkazo ukiwekewa alama kwa kalamu ya rangi. Kiti kisicho na mwenyewe kiachwe wazi, asilazimishe. Koo nne au tano kwa wiki zinatosha kwa mtu mwenye kazi, na atakayedai 20 mpe tano, kisha mwulize tena baada ya siku kumi. Kadi za marudio, ziwe za karatasi au za programu kama Anki, ziwe na sentensi yenye nafasi wazi upande mmoja na jibu upande wa pili, kamwe zisiwe neno la Kiingereza na tafsiri yake, kwa kuwa kadi ya tafsiri ndiyo iliyomfikisha hapa alipo. Zirudiwe kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki moja, kisha baada ya wiki tatu. Mwisho wa kila wiki aandike aya moja kuhusu kazi yake akitumia angalau maneno sita kutoka koo alizojifunza, katika viti tofauti.

Baada ya wiki sita toa tena karatasi ya pili ya hatua ya kwanza, lakini ongeza sentensi tano zenye mashina ambayo hamkuyagusa kabisa. Hizo tano ndizo za kutazamwa kwa makini. Aliyeacha wazi bado anategemea kumbukumbu. Aliyeandika "importantness" mpe nusu alama, kisha mwombe aandike neno hilo kwa Kichina. Ataandika "zhòngyàoxìng", yaani "zhòngyào" na "xìng" yake mwishoni, na utaona kwamba alikuwa akijenga, ila alichukua tofali lisilo lake. Mwonyeshe "importance", mweke karibu yake "distance", "silence" na "difference", na ukurasa wa wiki ya saba umekwisha kupatikana.